Ombi la Kuongezewa Ukubwa wa Tetemeko la Jumanne

Alhamisi, tarehe 14. Asubuhi: mawingu mepesi, upepo kidogo, ardhi imetulia.

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Kupima Matetemeko ya Ardhi.

YAHUSU: KUPANDISHWA KWA TETEMEKO KUTOKA NNE NUKTA MBILI HADI SITA

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali imara. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya maji, mke wa mtu, mama wa mabinti wawili, na mpaka juzi nilikuwa mwenyekiti wa usalama wa nyumba yetu. Cheo hicho nilijipa mwenyewe baada ya semina yenu ya siku moja, ile ya ukumbi wa shule ambako chai iliisha kabla ya mada ya pili. Cheti ninacho, kimetundikwa sebuleni. Kwa sasa kimegeuzwa kinatazama ukuta. Aliyekigeuza ni mume wangu, kwa upole.

Kazi yangu imenifundisha kwamba barua nzuri husema shida mapema. Redio, kwa kuwanukuu ninyi, ilitangaza kwamba tetemeko la Jumanne lilikuwa na ukubwa wa nne nukta mbili, na kwamba hakukuwa na madhara. Ndugu Mkurugenzi, madhara yapo, na ndiyo yanayokuandikia. Naomba namba hiyo ipandishwe ifike sita. Kama sita ni nyingi, tano nukta tisa itanitosha. Jumapili hii ndugu wa mume wangu wanakaa kikao hapa kwetu kuamua kama Mama, yaani mama mkwe wangu, atarudi kuishi nasi au atabaki moja kwa moja kwa wifi yangu. Kwa nne nukta mbili sina utetezi wowote.

Kabla ya malalamiko, nieleze kilichotokea.

Kijitabu chenu chenye jalada la rangi ya chungwa kinasema ardhi ikitikisika mtu ainame, aingie chini ya meza imara, ashikilie mpaka itulie, ndipo atoke. Meza yetu ina miguu minne, lakini mmoja umefungwa kamba na upo kwa ajili ya heshima tu. Kwa hiyo nilitunga mpango wetu wenyewe nikaubandika kwenye mlango wa jikoni. Mabinti watoke kwa mlango wa uani. Mume wangu, akiwa hayuko safarini na lori lake la mchanga, azime gesi na umeme. Mimi nimtoe Mama. Sentensi hiyo ya mwisho niliipigia mstari kwa wino mwekundu.

Kila Jumamosi asubuhi tulifanya zoezi. Tatizo lilikuwa magoti ya Mama. Mara ya kwanza nilipomnyanyua alinitazama kama mtu aliyeguswa mfuko na mgeni, akasema, "Mkwe wangu, mimi si mpira wa kurushwarushwa kila Jumamosi. Siku yenyewe ikifika utanibeba. Leo beba unga." Akanyoosha kidole kwenye mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano uliokuwa kando ya kigoda chake.

Nikabeba unga. Niliona ni wazo zuri sana. Wiki iliyofuata niliuvalisha mfuko kitambaa cha Mama cha kichwani, ili zoezi liwe na uhalisia, na nikajizoeza kuusemesha kwa upole njiani, maana kijitabu chenu kinasisitiza kwamba wazee wasemeshwe kwa upole. Mama alikuwa akitutazama kutoka kwenye kigoda, mimi na unga, na siku moja alisema, "Umenipunguza kidogo, lakini nimependeza."

Jumanne asubuhi nilikuwa nafunga viatu nielekee kazini. Mama alikuwa kwenye kigoda anasugua karai. Vikombe vikaanza kugongana kabatini. Ndugu Mkurugenzi, sikusita hata kidogo. Niliruka, nikakunja magoti kama tulivyofundishwa ili nisiumie mgongo, nikakumbatia, nikainua, nikatoka. Mkono mmoja niliuweka nyuma ya shingo ili kichwa kisiyumbe. Nilifika uani nimefumba macho, nasema, "Tulia Mama, tumeshafika, tumeshafika."

Nilipofumbua macho, mbele yangu alisimama jirani yetu kinyozi, pamoja na mteja wake aliyekuwa amenyolewa nusu ya kichwa, na mabinti zangu wawili. Wote walikuwa wanautazama mfuko wa unga.

Binti mdogo ndiye aliyeuliza, "Mama, bibi yuko wapi?"

Bibi alikuwa jikoni, kwenye kigoda, karai limefunika kichwa, mikono miwili imeshika vishikio. Kuta zilikuwa zimeshatulia. Alinitazama kutoka chini ya karai, akauliza, "Unga umetoka salama?"

Sasa naingia kwenye malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kuhusu mafunzo yenu. Mkufunzi wenu, yule wa suruali iliyopigwa pasi kali, alituambia, "Rudieni zoezi mpaka mwili ufanye wenyewe bila kukisubiri kichwa." Mwili ulifanya wenyewe. Kichwa kilikuja uani baadaye, kikakuta mambo yameisha. Silalamiki kwamba mafunzo yenu hayafai. Nalalamika kwamba yanafanya kazi, na hamkutuonya.

2. Kuhusu ukubwa. Wifi yangu ni muuguzi, na muuguzi akishapata namba hakuna wa kubishana naye. Alifika kwa teksi mchana uleule, redio bado inazungumza.

"Nne nukta mbili, wifi?" akaniuliza. "Nne? Hiyo hata chai haimwagi. Hongera lakini. Unga wote umesalimika, sijaona hata chembe iliyodondoka. Mama yangu namchukua. Kwangu hakuna atakayemchanganya na unga."

Nilitaka kujibu. Nilifungua mdomo. Kisha nikaona kwamba mfuko bado umevaa kitambaa cha Mama, nikaufunga mdomo.

Nimesoma katika kijitabu chenu kwamba namba ikipanda kwa moja, nguvu huongezeka zaidi ya mara thelathini, na ikipanda kwa mbili huwa mara elfu moja hivi. Hii ndiyo sababu naomba nyongeza ya karibu mbili. Aibu yangu ni mara elfu moja ya tetemeko lenu. Naomba tu vilingane. Kwa tetemeko la sita hakuna mtu angeuliza nimetoka na nini. Wangesema, masikini, ametoka, tena na akiba ya chakula.

3. Kuhusu aina. Kama ukubwa hauwezi kubadilishwa, naomba basi aina ibadilishwe. Mtangazaji alisema ni tetemeko la kawaida, la mabamba ya dunia kusuguana. Neno hilo "kawaida" liliniumiza. Mabamba mawili makubwa yanasukumana miaka na miaka, hakuna linalotaka kumpisha mwenzake, halafu siku moja bamba moja linateleza na kila mtu anatikisika. Mimi na wifi tunaielewa hali hiyo bila semina. Lakini haiwezi kunitetea.

Nimechunguza aina nyingine kwa niaba yenu. Aina ya volkano ingenifaa zaidi, kwa sababu huweza kuja na moshi na hewa ya sumu, na mtu aliyevuta hewa ya sumu anaweza kumwona mama mkwe kwenye mfuko wowote. Bahati mbaya, kilima pekee karibu nasi ni kile cha shule, na hakijawahi kutoa kitu isipokuwa wanafunzi.

Aina ya tatu ni ya kuporomoka, pale paa la pango au la mgodi linapoanguka chini kwa chini. Hii nayo ni nzuri, maana hutikisa mitaa michache tu, na wifi asingekuwa na haki ya kusema lolote, kwa kuwa kwake isingefika. Hatuna pango wala mgodi. Nilimwendea kinyozi nikamwomba kwa ujirani mwema akubali kwamba shimo lake la choo limeporomoka. Alikataa. Alisema shimo lake ni imara kuliko nyumba yangu, kisha akauliza unga unaendeleaje.

Aina ya nne husababishwa na binadamu, kwa mfano kulipua miamba kwenye machimbo, au uzito wa maji kwenye bwawa jipya. Hapa nilikuwa na matumaini makubwa, kwa kuwa machimbo tunayo. Lakini mume wangu alisoma rasimu hii juu ya bega langu. "Mke wangu," akasema, "ukitaja machimbo, kesho mimi sina pa kupakia. Andika volkano."

Kwa hiyo, kwa ajili ya amani ya nyumba, naomba volkano.

4. Kuhusu hatari zinazomkabili Mama pale alipo. Hapa, Ndugu Mkurugenzi, naomba unisome taratibu, kwa sababu hapa sitanii.

Wifi anakaa ghorofa ya nne. Jengo limesimama mahali palipokuwa bwawa la matope kabla halijafukiwa. Kijitabu chenu kinasema udongo uliolowa maji ukitikiswa sana hugeuka kama uji, na nyumba iliyo juu yake ikainama au ikazama. Nyuma ya jengo kuna mteremko uliokatwa wima ili kupata nafasi ya kuegesha magari, na hakuna ukuta wa kuuzuia; mvua peke yake huuangusha vipande, sembuse tetemeko. Ngazi ni nyembamba, na kila mpangaji ameweka mtungi wake wa gesi mlangoni. Mnasema wenyewe kwamba mara nyingi moto huua watu walionusurika na kuta. Na tetemeko moja haliji peke yake. Huacha mitetemo ya baadaye, ambayo huziangusha kuta zilizokuwa zimepata ufa tu. Sunami sikuitaja. Bahari iko mbali sana nasi, na nilihisi nimeshazidisha.

Haya yote nilimweleza wifi jana kwa simu, hatari moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mkufunzi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Umemaliza, wifi?"

"Nimemaliza."

"Angalau huku hakuna unga."

Nikaomba kuzungumza na Mama. Akanipa. Mama aliniuliza kama nimemwagilia mboga zake, na kama kile kigoda kimeingizwa ndani. Nikasema ndiyo. Akamrudishia wifi simu. Lakini tangu Jumanne nyumba yetu imekuwa kimya kwa namna isiyopendeza. Hakuna anayeniambia chumvi imezidi. Hakuna anayewasha redio alfajiri kwa sauti ya mtu anayewasikilizia majirani. Jana nilipika vizuri kabisa, na hakuna aliyenikosoa, na chakula hakikushuka. Mabinti wameacha kugombania nani alale na bibi, na kumbe ugomvi ule ndio uliokuwa ukinilaza. Mtu akiniuliza tetemeko la Jumanne liliangusha nini, nitasema liliangusha hiki.

5. Kuhusu ukali. Mkufunzi alieleza kwamba tetemeko lina ukubwa mmoja tu, lakini ukali wake hutofautiana mahali na mahali: hapa vikombe hugongana, pale kuta hulala. Kama kanuni zenu hazikuruhusu kugusa ukubwa, nitaridhika na ukali maalumu wa jikoni kwangu, kwa maandishi, wenye muhuri. Usiwe wa mtaa mzima. Kinyozi asipewe.

Ushahidi ninao. Kikombe kimoja kilivunjika. Ni kweli kwamba nilikivunja mimi kwa kiwiko nikitoka na unga, lakini nisingekuwa natoka na unga kama ardhi ingetulia. Pia kuna ufa juu ya mlango wa jikoni. Ufa huo ulikuwepo tulipohamia, ila sasa nautazama kwa jicho tofauti.

6. Kuhusu suluhisho la mwisho. Iwapo hamwezi kubadilisha ukubwa, wala aina, wala ukali, basi naomba mtupatie tetemeko lingine.

Najua utasema ofisi yenu hupima tu, haitengenezi. Nafanya kazi ofisi ya maji, Ndugu Mkurugenzi. Sisi nasi hupima tu, na bado watu hutuuliza kwa nini mvua hainyeshi. Mwenye kifaa cha kupimia kitu hakosi kufahamiana na wakubwa wa kitu hicho.

Ninachoomba si kikubwa. Liwe la mabamba, maana hayo mengine nimeshaona hayapatikani. Ukubwa uwe tano, lisizidi, na liwe fupi. Lije Jumapili wakati wa kikao, baada ya watu kula na kabla ya uamuzi, wote tukiwa chini na hakuna aliye ghorofani. Lisiwe na moto, wala maporomoko, wala mitetemo ya baadaye, kwa sababu Jumatatu ni siku ya kazi. Mimi nitakuwa nimekaa ubavuni kwa Mama. Nitamnyanyua yeye, mbele ya wifi, mbele ya shemeji zangu wote, nitamtoa mpaka uani, na nitahesabu kwamba kikao kimefungwa. Unga nitakuwa nimeuhamishia kwa kinyozi tangu Jumamosi, ili pasitokee utata.

Nimalizie kwa salamu. Wasalimie wafanyakazi wote wa ofisi yako, hasa mkufunzi wa suruali ya pasi, na yule dada wa chai ambaye hakuwa na kosa lolote. Mabinti wanakusalimu. Kinyozi anakusalimu, na mteja wake pia, ambaye alirudi jana kunyolewa upande uliobaki. Mume wangu angekusalimu, lakini anasema niandike kwamba hajaiona barua hii.

Nangoja majibu yako kabla ya Jumapili, nikiwa nimesimama karibu na mlango,

Mwenyekiti wa Usalama wa Nyumba
(amesimamishwa)

Nyongeza. Ijumaa, tarehe 15. Asubuhi: jua, hakuna upepo, ardhi imetulia isipokuwa kama ifuatavyo.

Ndugu Mkurugenzi, bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua tena.

Jana jioni pikipiki ilisimama mbele ya nyumba, na Mama akashuka, begi mgongoni, redio kwapani. Alimlipa dereva, akaingia, akakitafuta kigoda chake, akakaa.

"Nimerudi," akasema. "Lete maji ya kunywa kwanza, maana nimecheka njia nzima na koo limekauka."

Jana adhuhuri, wakati mimi nilikuwa nikiandika lalamiko la nne, ardhi ilitikisika tena kidogo. Huku kwetu chini hatukusikia kitu. Ghorofani walisikia, kama kijitabu chenu kisemavyo. Wifi alikuwa ametoka zamu ya usiku, yuko mbele ya kioo. Mama anasema hakusikia hata kishindo cha miguu. Alichosikia ni mlango. Wifi alishuka ngazi zote za ghorofa nne, na Mama alipochungulia dirishani alimwona chini, kwenye maegesho, amekumbatia wigi lake jipya. Mkono mmoja alikuwa ameuweka nyuma, ili nywele zisiyumbe.

"Nikafungua dirisha," alisema Mama, "nikamwita mbele ya watu: Binti yangu, wigi limetoka salama?"

Redio ya jioni ilisema mtetemo huo ulikuwa mbili nukta tisa.

Nilimwuliza Mama kama amerudi kwa sababu ya udongo wa matope, au mteremko, au mitungi ya gesi. Alisema hayo alinisikia nikiyasema kwenye simu, ila hayakumtisha. Kisha akanieleza, na nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa nayataka yawepo kwenye faili: "Nyote wawili mmeniacha. Lakini wewe uliniacha ukidhani umenibeba. Yule hakudhani kitu. Acha nikae na huyu anayedhani."

Kwa sababu hiyo naomba maombi yangu yote sita yafutwe. Tetemeko la Jumanne liachwe nne nukta mbili. Nimelitazama upya na naona ni kubwa sana, hasa likiwekwa karibu na mbili nukta tisa. La Jumapili pia lisije, kikao hakipo. Na ikitokea ofisi yako ikapokea barua ya muuguzi mwenye mwandiko mzuri, anayeomba mbili nukta tisa ipandishwe ifike walau tano, nakusihi usimamie sayansi.

Jana hiyohiyo, kabla giza halijaingia, tulifanya zoezi na Mama mwenyewe. Alitaka yeye. Ni mzito kuliko unga, na njia nzima anatoa maelekezo. Tulifika mlangoni, tukapumzika, tukafika uani. Kinyozi alipiga makofi. Unga ulibaki jikoni, na kitambaa nimeuvua. Mume wangu naye ameugongelea misumari ule mguu wa nne wa meza, na cheti nimekikuta kimegeuzwa kinatazama watu.

Nina mazoea ya kuifunga kila siku yangu kwa kuandika saa niliyolala, na kwa kuwa ofisi yenu hupenda kumbukumbu, nakuachia na hiyo: jana hatimaye nililala saa nne kasoro robo, usingizi wa kwanza wa maana tangu Jumanne. Kama mashine zenu zilinasa mtetemo mdogo wa kujirudiarudia kutoka upande wetu baada ya saa hiyo, msihangaike kuupa namba wala aina. Ni Mama, anakoroma chumba cha pili.